Iliingia, Itatoka

Kwaru. Kwaru. Kwaru-kwaru. Kimya kidogo, halafu pumzi: fuuu.

Kabla sijafumbua macho nilijua ni nini. Wako wanaoamshwa na jogoo, wako wanaoamshwa na kengele ya simu. Mimi kwa zaidi ya mwaka nilikuwa naamshwa na msasa. Kulikuwa bado giza na umeme ulikatika tangu jana yake, lakini Baba Chiriku alikuwa sebuleni akikwangua mbao kwa kupapasa, kisha akipuliza vumbi kama mtu anayepoza chai.

"Baba Chiriku," nilimwita kutoka kitandani. "Unakwangua nini usichokiona?"

"Naona kwa vidole."

"Na vidole vinasemaje?"

"Vinasema ulale kidogo, una mtihani."

Nilicheka, tumbo likacheka na mimi. Mimba ilikuwa ya miezi saba na huyo aliyekuwa ndani naye alishazoea mlio wa msasa. Ukinyamaza ndiyo anapiga teke. Pembeni yangu Chiriku alikuwa amelala chali, mikono juu, kama aliyeambiwa asalimu amri. Tulimpa jina hilo kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kufunga mdomo isipokuwa usingizini, na hata usingizini hakuna uhakika.

Nilijaribu kulala, nikashindwa. Nikawa narudia fomula kichwani.

Nianze na mashua, maana ndiyo iliyoanza kutusukumia ukutani.

Mume wangu ni fundi friji. Siku moja alikwenda kutengeneza mtambo kwenye ghala la barafu, akaikuta uani, imepinduliwa, kuku wanatagia chini yake. Mashua fupi, nene, ya mbao, tumbo pana kama la mtu anayekula vizuri. Walinzi wakamwambia aichukue, waepukane na viroboto. Mume wangu hakuwahi kugusa mashua maishani. Hata kuogelea kwenyewe ni kwa kupapatika. Lakini alirudi nyumbani siku hiyo na macho ya mtu aliyeposa.

Alikuwa na wenzake wawili waliougua ugonjwa huo huo. Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko mwisho wa uchochoro wetu, na Dereva, anayeendesha pikapu ya duka la vifaa vya ujenzi. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa karibu na maji. Walijifunza kwa video za simu, kwa kuuliza, na zaidi kwa kukosea. Wakikosea hubishana wiki nzima, kisha wanabomoa na kuanza upya, na furaha yao yote naona iko hapo kwenye kuanza upya. Kule kwenye bwawa la nje ya mji kuna wengine kama wao, makarani, walimu, muuza miwani, kila mmoja na kimashua chake alichokifufua. Walikuwa wamekubaliana kwamba Jumamosi hiyo wote watazishusha majini pamoja.

Hatukuwa na ua wala banda. Kwa hiyo mashua ililetwa sebuleni.

Nyumba yetu zamani ilikuwa stoo. Ina sebule, chumba kimoja, jiko la kona, na mlango mmoja wa kutokea. Mlango wenyewe mfupi. Baba Chiriku akipita huinama kama anayeingia kuomba radhi. Madirisha yana nondo. Sofa ilihamia kwa mama mkwe, televisheni ikapanda juu ya kabati la nguo, sisi tukawa tunapita ubavu ubavu kati ya mashua na ukuta. Tumbo lilipoanza kukua nikawa napita kwa kuvuta pumzi. Wageni waliacha kuja. Nilipomwambia kwamba nyumba inanibana, alinishika mkono akasema, "Vumilia, mke wangu. Kabla mtoto hajaja, sebule itakuwa sebule."

"Umepima mlango?"

"Nipime nini? Kwani ilishuka na mvua? Si ilipita mlango huu huu? Iliingia, itatoka."

Maneno hayo yakawa wimbo wa nyumba. Kinyozi akiuliza, iliingia, itatoka. Jirani akitania, "Kapteni wa sebuleni, umefikia bandari gani?" iliingia, itatoka. Hata Chiriku alipouliza mbele ya mama mkwe jinsi mdogo wake atakavyotoka tumboni, baba yake alikohoa, akaangalia dari, akasema, "Aliingia, atatoka." Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu.

Na sitasema uongo, mashua ile ilinifaa. Walipoweka benchi jipya la katikati, ubao mpana unaoshika upande huu na upande ule, nilipata meza. Nilikuwa nasoma masomo ya jioni kwa mwaka wa tatu. Shule ya kweli niliiacha baba alipougua, nikiwa mdogo, na niliapa kwamba nitarudi hata nikiwa bibi. Masomo yote nilishafaulu, limebaki moja: hesabu. Bila hesabu chuo cha uuguzi hakikupokei. Kwa hiyo kila usiku nilipanda mashuani na taa, nikakaa kwenye sakafu ya mashua, nikaweka daftari kwenye benchi lile, na Chiriku akilala mbele kwenye omo, ncha ya mashua, kama kitoto cha paka kwenye kikapu. Nilikuwa nakandamiza penseli mno. Ubao ule ulishika alama za vipeuo vyangu vyote vya pili.

Mtihani ulikuwa Jumamosi hiyo hiyo asubuhi. Geti linafungwa saa tatu kamili na halifunguliwi hata ulie damu. Nikikosa, nasubiri mwakani, na mwakani nitakuwa na kichanga kifuani na Chiriku kwenye sketi. Nilijua, kama mtu anavyojua hali ya mfuko wake bila kuufungua, kwamba mwakani maana yake ni kamwe.

Tukapanga vizuri. Dereva atakuja na pikapu kukipambazuka, watatoa mashua, wataipakia, mimi nitakaa mbele. Watanishusha shuleni, wao waendelee bwawani. Chiriku angebaki kwa jirani. Mpango mtamu kama sukari.

Walifika kukiwa na mwanga wa kijivu. Kinyozi aliingiza kichwa mlangoni. "Shemeji, hujambo? Na huyo wa ndani?"

"Hatujambo. Mmekula?"

"Tutakula majini, kama samaki."

Walitandika magunia sakafuni mpaka nje, wakayamwagia maji ya sabuni ili mashua iteleze. Wakaisimamisha kwa ubavu, wakafunga kamba mbele, wote watatu wakatoka nje kuivuta. Nami nilikuwa nimeshavaa gauni langu la kutokea, begi begani: kalamu, penseli fupi, rula, bikari, kitambulisho.

"Acha nitoke kwanza," nilisema.

"Dakika mbili tu," alisema Baba Chiriku. "Usisukume kitu, ole wako! Wewe shika tochi, uniambie kama nyuma inagusa ukuta."

Moja, mbili, vuta! Omo ilipita kama kidole kwenye pete. Moja, mbili, vuta! Ikafuata shingo, ikafuata kifua. Nilimsikia mume wangu akicheka kwa furaha ya kitoto. "Unaona? Nilikwambia nini?" Moja, mbili—

Mashua ikaguna.

Vumbi la chokaa lilinidondokea kichwani. Ukingo wa chini ulikuwa sakafuni, wa juu umeingia chini ya kizingiti cha juu cha mlango, na katikati, pale penye tumbo, ilikuwa imebana kama kizibo.

"Vuta tena!" alipiga kelele Dereva.

"Msivute!" nilisema, lakini walishavuta. Mbao zikalia. Kizingiti kikaung'ata ukingo, sasa ikawa haiendi mbele wala hairudi nyuma. Wakajaribu kuisukuma irudi ndani, na hapo sabuni yao ikawageuka: kila wanaposukuma miguu inateleza, nikawa nasikia tu mabega yakigonga mbao na mtu akianguka pu! na kutukana kwa heshima kwa sababu shemeji yuko ndani.

Ndipo iliponijia. Shemeji yuko ndani.

Niligeuka kutazama nyumba yangu kama sijawahi kuiona. Dirisha la sebule, nondo. Dirisha la chumbani, nondo. Kidirisha cha jikoni hakikuhitaji hata nondo, hakipitishi zaidi ya moshi. Mlango ni mmoja, na mlango una mashua.

Chiriku alitoka chumbani akijikuna. Alisimama, akatazama.

"Mama, mbona mlango umekula mashua?"

"Imebanwa kidogo, mwanangu."

"Kama mjusi akibanwa na mlango?"

"Kama mjusi."

Kati ya mashua na fremu palikuwa na upenyo. Baba yake alipomwita alipita bila hata kugusa, kama paka anayekwenda zake, na mara nikamsikia huko nje akimweleza Kinyozi jinsi mjusi anavyotoa macho. Nikasema na mimi nijaribu. Nikavua begi. Kichwa kilipita, bega likapita, nikaona hata ndala za Dereva na tope la sabuni. Kisha tumbo likasema hapana. Nilijibana, nikajipindua huku na huku, mtoto akanipiga teke la hasira, na mume wangu akanishika uso kwa mikono miwili, mikono inayonuka gundi.

"Usilazimishe. Tafadhali. Rudi."

Nikarudi. Tulikuwa wawili wenye matumbo kwenye mlango mmoja, mimi na mashua, na hakuna aliyempisha mwenzake.

Wakaanza mashauri. Kinyozi alikimbilia kibandani kwake akaleta mafuta ya nywele, akapaka ukingo mzima mpaka ukang'aa. Mashua haikujali urembo. Dereva akataka kuifunga kwenye pikapu aivute kwa gari. "Ukivuta kwa gari utaleta ukuta na mke wangu juu yake!" alifoka Baba Chiriku. Jirani, fundi uashi, aliitwa, akaja na mswaki mdomoni, akagonga kizingiti kwa kifundo cha kidole. Akasema anaweza kukitoa, lakini hicho ndicho kilichobeba ukuta, na hagusi nyumba ya watu bila mwenye nyumba. Simu ya mwenye nyumba ilikuwa imezimwa. Wakaipiga tena. Imezimwa.

Jua likaanza kuingia kwa mstari mwembamba kupitia ule upenyo. Nilikaa kwenye kigoda nikiutazama unavyosogea sakafuni. Joto lilipanda, harufu ya vanishi ikanikaa kooni. Saa ya ukutani niliipa mgongo lakini nilikuwa naisikia.

"Shemeji," ilikuwa sauti ya Dereva, ya upole kabisa, na upole wenyewe ndio uliouma. "Usijipe presha na hali hiyo. Mtihani si upo na mwakani?"

Nilingoja mume wangu amjibu.

Nilingoja. Nikamsikia akihema. Nikamsikia akikwaruza kitu kwa ukucha, kama afanyavyo akifikiri.

Sijui kama nimewahi kuwa peke yangu kiasi kile. Siyo ukuta ulionifungia wakati ule, wala nondo. Niliona miaka yangu imepangwa mbele yangu kama viti: mwakani, na mwakani yake, na kila kiti kina mtu amekaa, na wote ni watu ninaowapenda. Machozi yalikuja nikayafuta kwa kiganja, nikaacha vumbi la msasa shavuni. Nikainua macho, nikalitazama lile benchi.

Lilikuwa mbele yangu, upande wa ndani, kiasi cha kuligusa. Kwa vile mashua ilisimama ubavu, benchi lilisimama wima kama nguzo, limekaza ukingo wa chini na ukingo wa juu. Niliona hesabu zangu zimelala ubavu. Nikakumbuka usiku walipoliweka. Lilikuwa halitoshi, refu mno. Baba Chiriku akasema benchi halina kosa, mashua ndiyo imejikunyata kwa uzee. Dereva akaleta jeki ya gari, wakaiweka katikati, wakaipanua mashua taratibu, mbao zikilia, nami nimeshika tochi, mpaka benchi likakaa mahali pake. Wote wakapiga makofi. Mashua ikatoa kifua kama mwanajeshi.

"Baba Chiriku."

"Naam."

"Siku ilipoingia, benchi lilikuwepo?"

Nje ukucha ukaacha kukwaruza. Hata Chiriku alinyamaza, jambo la kuandikwa.

"Halikuwepo," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima akazikuta mkononi mwake. "Lilikuwa limeoza. Tuliibana kwa mikono. Ililegea kama... kama kikapu kilicholowa."

"Iliingia ikiwa mgonjwa," nilisema. "Sasa imepona."

"Lo!" alisema Kinyozi. "Tumeitibu mpaka haitoki hospitali."

Hakuna aliyecheka, ila mimi, kidogo, na kicheko kikanipa nguvu.

"Nipe msumeno."

"Ngoja, mke wangu. Ngoja kwanza. Nitampigia tena mwenye nyumba. Pengine yuko njiani, pengine—"

"Baba Chiriku."

"Ile mbao niliitafuta miezi. Ule ubao hauna hata fundo moja. Ndio unaoshika mashua nzima."

"Najua. Umenishika na mimi." Sikupaza sauti. "Mimi ndiye niliyelikalia benchi hilo kuliko wewe. Nalijua kwa viwiko. Utatengeneza jingine, na najua utafurahi kulitengeneza. Mimi siwezi kujitengenezea asubuhi nyingine kama hii. Benchi liko upande wangu, mkono wako haufiki. Nipe msumeno."

Nilisikia sanduku la vifaa likifunguliwa. Msumeno ulipita kwenye upenyo, mpini mbele. Nilipoushika, hakuuachia mara moja.

"Kata polepole," alisema. "Kaa kwenye kigoda, usiiname. Ukisikia tumbo limekaza, acha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Na usikate katikati ya hesabu zako."

"Zimejaa kote, nitakwepa wapi?"

Nilianza. Kwaru. Kwaru. Ubao ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani na unga wake ulinukia vizuri, ukanidondokea mapajani. Nilifika robo, msumeno ukakwama. Nikavuta, haukutoka. Kizingiti kilikuwa kinakandamiza benchi kutoka juu, na ule mkato ukawa unajifunga kama mdomo. Jasho likanitoka. Hata msumeno sasa umebanwa, nikawaza, leo ni siku ya kubanwa.

"Umeng'atwa," nilisema.

"Utikise, usivute. Ukitoka, anza mkato mwingine, vidole vinne juu yake, uje kwa mshazari mpaka ikutane. Toa kipande kama cha tikiti. Kisha nafasi itafunguka."

Mistari miwili inayokutana. Hiyo niliijua. Nilichora kwa rula yangu ya mtihani na penseli yangu ya mtihani, pembe nikaikadiria kwa jicho, nikakata. Kwaru, kwaru. Nje wao waliweka mabega kuipunguzia mashua uzito, nami nilisikia pumzi ya mume wangu ikienda pamoja na msumeno wangu, nikivuta anavuta, kama watu wawili wanaokata ubao mmoja. Nilipumzika mara tumbo lilipokaza. Nikaendelea. Mikato ilipokutana nilichukua mchi wa kinu, nikagonga. Kipande kikaruka, kikabiringika mpaka chini ya kabati. Nikarudia upande wa pili wa ubao.

Ubao uliobaki katikati haukungoja nimalize. Ulipasuka wenyewe, ka! na mashua nzima ikashusha pumzi. Ukingo wa juu ulijitoa chini ya kizingiti, ukashuka upana wa viganja viwili. Nilirudi nyuma mpaka ukutani, mikono tumboni.

"Imelegea!" alipiga kelele Kinyozi. "Imelegea, jamani! Vuta!"

Ilitoka kwa mkupuo mmoja, ikipiga kelele juu ya magunia, na wote watatu wakaanguka nyuma kwenye sabuni, kamba mikononi. Na mlango ukawa mlango. Mwanga uliingia wote kwa pamoja mpaka nikafumba macho. Sebule ilikuwa kubwa. Sikuwahi kujua kama ni kubwa hivyo.

Baba Chiriku aliinuka, suruali imelowa, unga wa mbao kwenye nyusi. Alipita kando ya mashua yake. Niliona mkono wake ukitaka kuugusa ule ubao uliokatika, niliona akiurudisha.

"Washa gari," alimwambia Dereva.

"Na mashua?"

"Mashua haina mtihani."

"Lakini wenzetu bwawani—"

"Washa gari, bwana!"

Nilipangusa rula kwa gauni, nikaitia begini pamoja na penseli. Kichwani fomula zote zilikuwa zimetawanyika kama kuku. Sikujua kama geti litanisubiri, wala kama penseli ile fupi ingenifikisha mwisho wa karatasi. Mume wangu alisimama kizingitini, akainama kama kawaida yake, akaninyooshea mkono mmoja.

Nikainama na mimi, nikapita.

Jirani fundi uashi alikuwa bado na mswaki mdomoni. Watu watatu wanne walikuwa wamejipanga uchochoroni kushuhudia, wengine na vikombe vyao vya chai. Chiriku alikuwa amekaa juu ya mabega ya Kinyozi, ameshika masikio yake kama usukani. Aliwageukia wote, akavuta pumzi, akatangaza:

"Mama ametoka."